Karatasi ya kuvuka: toka paspoti ya mutasyo mpaka jeto ya Petite Barrière



Kila mara mpaka wa Goma na Gisenyi unapofungwa, ao masaa yake yanapokatwa, swali linalozunguka katika mitaa ya Birere ni moja: “Leo wanaomba karatasi gani?” Ni swali la maana, juu mtu anataka kuvuka, afanye kazi yake na arudi kabla bariere haijashuka. Lakini kuna lingine ambalo hatuliulizi: karatasi hizi zilitoka wapi? Nani alianza kutuomba, na alikuwa anatafuta nini kwetu?

Mimi sikusoma historia. Nilisoma agronomi, na ni kazi ya mbegu ya viazi iliyonizoesha njia ya Petite Barrière. Ila kwa kuvuka mara nyingi nilianza kusoma juu ya zile karatasi nilizokuwa ninabeba mfukoni, na nilichokuta kilinishangaza. Kwetu Kongo, karatasi ya kutembea haikuzaliwa ku mpaka. Ilizaliwa kijijini, ili mtu asitoke. Mpaka uliirithi tu nyuma. Na mkiisoma historia hiyo mtaelewa kwa nini mpaka leo mama mwenye kilo kumi za nyanya anaulizwa maswali mengi kuliko mzigo wake.

Mei 1910

Mpaka wenyewe si wa zamani sana. Mwanzo wa karne ya 20 Wajerumani walikuwa Rwanda na Burundi, Waingereza Uganda, Wabeleji Kongo, na wote watatu walikuwa wanabishana juu ya ziwa Kivu na volkano zake. Ubishi ulimalizikia Bruxelles, mwezi wa Mei 1910. Kisiwa cha Idjwi kikaandikwa Kongo, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Bufumbira ikaenda Uganda. Hakuna mvuvi wala mwami aliyekaa ku meza ile. Watu walioana kuvuka mstari huo kabla haujachorwa, na waliendelea kuoana baada ya kuchorwa.

Sasa angalieni jambo hili. Mwezi huo huo, tarehe 2 Mei 1910, Ubeleji ulitoa dekre juu ya sheferi za Kongo. Dekre ilisema kila mwenyeji lazima awe wa sheferi fulani, na kama anataka kwenda kukaa kwingine zaidi ya mwezi mmoja, lazima apate ruhusa. Ruhusa hiyo ndiyo iliitwa paspoti ya mutasyo. Dekre nyingine, ya 5 Desemba 1933, iliendeleza utaratibu ule ule. Kwa hiyo mtu wa Masisi aliyetaka kwenda kuishi Rutshuru, ndani ya koloni moja, alihitaji karatasi. Tusisahau kwamba hata Ulaya, paspoti ya kitabu tunayoijua leo ilienea kwa sababu ya vita vya 1914-1918, na ni mwaka 1920, mu mkutano wa Paris, ndipo mataifa yalikubaliana namna inavyopaswa kuwa. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuombwa ruhusa ya kutoka kwetu.

Kwa nini? Mambo mawili: kodi na mikono. Kodi ilikuwa inahesabiwa kwa sheferi. Mtu akiondoka bila kuandikwa, jina lake linabaki ku daftari na franka zake hazionekani. Mikono ilitakiwa ku mashimo ya madini, ku barabara na ku mashamba ya wazungu. Na kuna jambo la tatu ambalo sisi wana-agronomi tunapaswa kulisema bila haya: toka mwaka 1917 kulikuwa na mazao ya lazima, mpaka siku 60 za kazi kwa mwaka. Pamba, mpunga, muhogo, kulingana na mahali. Agronomi wa koloni alikuwa anapita kupima shamba, na asiyelima alilipa faini ao alifungwa. Karatasi ya kutembea ilikuwa inamshikilia mkulima karibu na shamba ambalo hakulichagua.

Mkubwa mmoja, karatasi mbalimbali

Mwaka 1916 jeshi la Ubeleji liliwafukuza Wajerumani toka Rwanda na Burundi. Baada ya vita Shirika la Mataifa likaupa Ubeleji ulinzi wa inchi hizo mbili, na kwa sheria ya mwaka 1925 zikaunganishwa na Kongo katika utawala, chini ya gavana mkuu mmoja. Franka ilikuwa moja pia. Mtu angedhani mpaka wa Goma na Gisenyi ungepotea. Haukupotea, juu kila upande ulikuwa na namna yake ya kuandika watu.

Ku upande wa Rwanda, katika miaka ya 1930, utawala wa Ubeleji ulitoa karatasi za kitambulisho zilizoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi ao Mtwa. Neno hilo moja lilibaki ku karatasi baada ya uhuru. Mwaka 1994, ku vizuizi vya barabarani, watu waliuawa kwa sababu ya neno hilo. Nyuma ya mauaji hayo liliondolewa. Ninalitaja ili tusifikiri karatasi ni kitu cha biro tu. Kinachoandikwa juu yake leo, mtu mwingine anaweza kukitumia kesho kwa kazi ambayo mwandishi wa kwanza hakuifikiria, ao aliifikiria na hakusema.

Ku upande wa Kongo kulikuwa na karatasi za daraja. Mwaka 1948 ilikuja karte ya heshima ya raia, iliyoitwa carte du mérite civique, na mwaka 1952 ikaja immatriculation. Mkongomani aliyesoma, anayekula mezani, ambaye nyumba yake ilikaguliwa na kuonekana “imestaarabika”, aliweza kupata karatasi iliyompa haki kidogo zaidi ya wenzake. Walioipata walikuwa wachache sana. Sisi wenye lisansi tuangalie hapo. Karatasi hizo zilikuwa zinamwambia msomi: wewe pita, wengine wangoje. Ninaposikia mwenzetu anasema ku bariere, “Mimi ni msomi, muniache nipite mbele ya hawa mama,” ninaikumbuka karte ile.

Kitabu cha CEPGL

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Sasa Goma na Gisenyi zilikuwa ni inchi mbili kabisa, zikiwa na bendera mbili na pesa mbili, na kati yao hatua chache tu.

Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, Mobutu wa Zaïre, Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi walisaini mkataba wa kuzaliwa kwa CEPGL, jumuiya ya uchumi ya inchi za maziwa makubwa. Wiki chache baadaye Micombero aliangushwa, lakini jumuiya ilibaki. Biro kuu ikawekwa Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, shirika la nishati Bujumbura. Kwa sisi wa udongo na mifugo, kulikuwa na IRAZ, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, kule Gitega. Mtafiti wa Mulungu aliweza kuongea na mwenzake wa Rwanda ao Burundi juu ya ndizi na maharagwe kama watu wa nyumba moja. Tarehe 1 Desemba 1985 ukasainiwa mkataba wa watu na vitu kutembea kwa uhuru mu inchi hizo tatu.

Kutoka huko ndipo tulipata lese-pase ya CEPGL, kile kitabu kidogo ambacho wazazi wetu wengi walikuwa nacho. Hakikuwa paspoti ya kwenda Ulaya. Kilikuwa cha jirani. Kwa mara ya kwanza karatasi ilitengenezwa ili mtu avuke, si ili azuiwe. Tate yangu, aliyekuwa anauza maharagwe na mafuta ya mawese pande zote mbili, alikuwa anasema: “Kile kitabu kilikuwa na picha yangu, na ku bariere waliniita kwa jina.” Mimi ninaona maneno hayo yana uzito. Wanaokuita kwa jina, si rahisi wakutendee kama mwizi.

Halafu ikaja Julai 1994. Katika siku chache watu mamia ya maelfu waliingia Goma toka Rwanda, na hakuna muhuri ungeweza kuwapima. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. CEPGL ililala usingizi, na ni mwaka 2007 tu walipoiamsha. Kwa mtu wa kawaida, kile kitabu kilishakuwa kitu cha kusimuliwa.

Karte ya kura ikawa karte ya kila kitu

Hapa ndipo tunafika ku tatizo letu la leo. Hesabu ya mwisho ya watu wote katika inchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Vitambulisho vya wakati wa Zaïre vilizeeka, vikapotea, vikachomwa na vita, na leta haikutoa vingine. Kwa miaka mingi Mkongomani aliishi na attestation ya kupoteza vipande, ile karatasi ya komini inayosema umepoteza kitambulisho. Wengi waliinunua bila kuwa na kitambulisho cha kupoteza. Kizazi chetu kilikua hivyo.

Mwaka 2005 tume ya uchaguzi ilianza kuandikisha wapiga kura, na kwa uchaguzi wa 2006 watu zaidi ya milioni 25 walipata karte. Karte ilikuwa na picha, jina, mahali pa kuzaliwa. Kwa kuwa hakukuwa na kingine, ikakubaliwa kama kitambulisho cha muda. Neno “muda” limekuwa refu. Karte ilitolewa upya 2011, halafu 2017, halafu 2023. Benki inaiomba, kampuni za simu zinaiomba, univasite inaiomba, na bariere pia.

Paspoti ya kweli ilikuwepo, lakini bei! Toka mwaka 2015 paspoti ya biometriki ilifika dola 185, na ni mwaka 2020 ndipo ilishuka ku dola 99. Nani angelipa dola 99 ili auze ndoo ya sambaza Gisenyi? Kwa hiyo mtu wa mpakani anabaki paka na karte ya kura. Ulikuwa unaiacha ku biro, unapewa jeto, kipande cha karatasi cha siku moja. Unavuka, unauza, unarudi, unarudisha jeto, unapata karte yako. Kabla ya Covid, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanapita Petite Barrière kwa siku: mama wachuuzi, wanafunzi, watu wenye ulemavu na zile baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa mizigo.

Lakini karte ya kura haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa ili itumike siku moja ku kituo cha kura. Zile za 2017 zilikuwa zinafutika zenyewe. Yangu ilifika mahali ambapo picha ilibaki kama moshi. Siku moja nilikuwa ninatoka kuona mashamba ya mbegu upande wa pili, na afisa wa huduma moja ya mpakani aliishika karte, akaigeuza, akasema: “Huyu si weye. Huyu si mtu yeyote.” Nilikaa pale toka saa nne mpaka saa nane. Mwisho nilipita kwa njia mnayoijua, juu giza lingenikuta. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu hakuwa na kitu cha kutoa. Alirudi na nyanya zake, na nyanya hazingoji kesho. Ninyi wanafunzi wa mwaka wa pili mmeshasoma juu ya hasara baada ya mavuno. Mu vitabu wanaandika joto, vifungashio na barabara. Karatasi iliyofutika hawaiandiki, na ingepaswa kuwa ku orodha.

Mtu na mmea

Katika kazi yetu hata kiazi kina karatasi yake. Mbegu inayovuka mpaka inapaswa kuwa na cheti cha afya ya mimea, na cheti hicho ni cha maana. Angalieni mnyauko wa bakteria wa ndizi. Ulionekana Masisi mwanzo wa miaka ya 2000, na mwaka 2005 ulikuwa umeshafika Rwanda. Haukuomba jeto. Ulipita ku visu, ku machipukizi, ku wadudu. Kwa hiyo sisemi mpaka usiwe na ukaguzi. Ninasema ukaguzi uwe na sababu inayoeleweka. Cheti cha mmea kinajibu swali moja: je, hii mbegu ina ugonjwa? Karatasi ya mtu nayo ingepaswa kujibu swali moja: je, huyu ni nani? Ikishajibu, kazi yake imekwisha.

Kuna sheria ambayo ningeomba kila mmoja wetu aibebe ku simu yake. Ni dekre nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002. Inasema huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi ku mpaka ni nne: forodha, OCC, usafi wa afya, na uhamiaji. Nne tu. Wenye kupita Petite Barrière wanajua kuhesabu, na hesabu yao haiishii ku nne. Tena, kwa wachuuzi wadogo kuna utaratibu rahisi wa COMESA, unaoitwa RECOS, ambao unamwondolea muuzaji wa vitu vidogo vilivyo ku orodha ushuru wa forodha. Mama wengi hawajui, na asiyejua analipa mara mbili.

Usiku ambao hawakuomba kitu

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na moto ukapita katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021, usiku, ikapasuka tena. Mara zote mbili maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi na watoto mgongoni, godoro kichwani. Hakuna aliyeulizwa jeto. Mpaka ule ule, ardhi ile ile, na watu wakapita. Mimi ninajua ni hali ya hatari na haiwezi kuwa kila siku. Lakini inatuonyesha kwamba bariere inaweza kuinuka pale wakubwa wanapokubali kwamba wanaovuka ni watu, na kwamba jirani ni jirani.

Inaweza pia kushuka haraka. Machi 2020 ilifungwa kwa Covid. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi ku upande wa pili, masaa yalikatwa na bariere ikawa inafungwa saa tisa mchana. Na tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko chini ya M23. Mwenye muhuri amebadilika. Mama mwenye vitunguu ni yule yule.

Nani atabaki nje

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kama karte ya kura ndiyo kitambulisho, basi asiyeandikishwa ku uchaguzi hana kitambulisho. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita, uandikishaji haukufanyika kama inavyotakiwa Masisi na Rutshuru, na uchaguzi wa Desemba haukufika kule. Watu hawa walinyimwa kura, na pamoja na kura walinyimwa karte ambayo ingewavusha, ingewafungulia konti, ingewaandikisha ku univasite. Mtoto wa Rutshuru aliyefika miaka 18 mwaka ule, leo anajionyesha na nini? Na mwenye miaka 16 anayesoma ao kuuza upande wa pili, hata bila vita, tume ya uchaguzi haimjui.

Mwaka 2022 inchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Toka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi tumeingia ku meza hiyo bila kitambulisho cha taifa cha kuweka juu ya meza. Tarehe 30 Juni 2023 karte za kwanza za kitambulisho kipya zilitolewa Kinshasa kwa sherehe, na mwaka uliofuata mkataba wa kuzitengeneza ukavunjwa. Tumerudi ku karte ya kura.

Kwa hiyo, ndugu wasomi, mtu akituuliza vijana wa mpakani tunaomba nini, tusijibu “mpaka ufunguliwe” tu. Tuombe vitu vitatu vinavyoeleweka. Kwanza, kitambulisho cha raia kitenganishwe na kalenda ya uchaguzi, na kitolewe hata kwa mtu aliye mu kambi ya wakimbizi wa ndani. Pili, kitabu cha jirani kirudi, chenye bei ambayo muuzaji wa sambaza anaweza kulipa, na kikubaliwe na pande zote. Tatu, dekre ya 2002 ifuatwe: huduma nne, bei ziandikwe ukutani, risiti itolewe.

Na tukiwa tunangoja hayo, kuna kazi ya bure ambayo sisi tunaweza kuifanya: kukaa na mama wachuuzi wa mtaa, kuwasomea dekre ile na orodha ya RECOS kwa Kiswahili, na kuwasaidia kunakili namba ya karte zao ku daftari kabla wino haujafutika. Mwenye kutaka tuanze naye, aandike hapa jina la mtaa wake.